Kabla ya Radi ya Sita

Kionjo kina sekunde arobaini na moja.
Tumekitazama mpaka simu ya Ezati ikapata homa,
tukailaza juu ya kreti la soda ipumue,
tukaendelea na ya Fadimulla.

Sekunde ya thelathini na tatu, ukisimamisha hapo,
si hapo, rudi nyuma kidogo, hapo,
kuna ukuta, kuna mvua, na ukutani kivuli
cha mtu aliyepinda mgongo.
Ezati anasema ni mti.
Mti gani, Ezati, unaoshika fimbo?

Ni yeye. Ni Bibi Kago wa *Radi ya Tatu*,
aliyekuwa akikohoa kwanza
ndipo akuvunje mbavu.
Toleo la nne wakamwacha. La tano wakamsahau,
wakatuletea vijana wenye nywele za buluu
na mapanga marefu kuliko akili zao.
Miaka yote hii tumepigana
kwa mikono ya watu tusiowapenda.

Hapa Oli, Arua, nyuma ya kinu cha muhogo,
ambako unga hututua vichwani
tukazeeka kabla ya jioni,
mchezo mmoja ni shilingi mia tano.
Aliyeshindwa anapisha.
Asiye na pesa anashauri.
Na mimi ndiye mwenye daftari:
Candiru, andika. Candiru, nitalipa kesho.
Kesho zao nimezijaza kurasa tisini.

Subira huvuta heri, sawa,
ila hatukuonyeshwa urefu wa kamba.
Gemu itatoka Novemba huko inakotoka.
Hapa itafika itakapofika,
na mashine yetu, hii inayopigwa kofi ndipo iwake,
haitaimeza. Mpya ni bei ya fahali wawili.
Fadimulla ametoboa kopo la maziwa:
kila mshindi anatumbukiza mia.
Tangu siku hiyo
watu wamejifunza kushindwa.

Umeme ukikatika hatuondoki.
Tunapigana kwa mdomo, gizani:
Naruka, nakuja na goti!
Nimekinga. Nakufagia miguu.
Miguu ipi? Mimi bado niko hewani!
Hewani mpaka lini, kunguru wewe?
Kisha mmoja, sijui nani, anakohoa,
kikohozi kile kikavu, mara mbili,
na kibanda kizima kinanyamaza
kama mwenye nyumba ameingia.

Ukurasa wa mwisho wa toleo la tatu
una jina la kaka yangu, Adriko: elfu nne na mia tano.
Siku walipomtoa Bibi Kago aliweka kidhibiti chini
taratibu, kama mtu anayelaza mtoto,
akasema: sichezi tena mpaka arudi,
na deni langu limngoje yeye.
Tukacheka. Mwezi uliofuata akaenda Juba
kuendesha malori ya watu.
Akapiga mara moja, laini ikakwaruza.
Akapiga kwenye matanga ya mama, akalia, laini ikakatika.
Halafu kimya, mvua nne, kiangazi nne.

Jana usiku, saa nane, namba nisiyoijua:
*Thelathini na tatu.*

Hapakuwa na salamu,
hapakuwa na jina.
Nilikaa kitandani na ile nuru ya simu usoni,
nikaandika maneno mengi, uko wapi, unakula nini,
nani anakufulia,
nikayafuta yote. Nikamtumia mawili:
*Ni yeye.*

Asubuhi nimefungua ukurasa mpya,
nikapiga mstari kwa rula,
nikaandika juu: RADI YA SITA.
Chini yake, kabla ya mtu yeyote,
nimehamishia elfu nne na mia tano.
Fadimulla kaona, hakuuliza.
Kinu kimeanza kunguruma, unga unatua,
vijana wameinamia simu tena, vichwa vyeupe,
rudi nyuma kidogo, hapo,
na Ezati, Mungu amsamehe,
bado anasema ni mti.