Kifuniko

Miaka thelathini na mmoja nilitoboa karatasi
masjala, ghorofa ya chini, kwa mashine ya matundu mawili.
Sikuwahi kukunja hata moja.
Barua iliyokunjwa vibaya ilizaa barua nyingine, ya onyo.

Sasa niko Nkuhungu, kibarazani,
na vidole havijapata taarifa kwamba nimestaafu.
Vinabandua rangi ya kiti. Vinahesabu vigae.
Mke wangu akasema, "Vipe kazi hivyo, vitatumalizia nyumba,"
akanitupia boksi tupu la sabuni.

Basi nikaazimia: kisanduku cha vifungo vyake,
vile anavyovitunza kwenye kopo la maziwa ya unga;
kila akitaka kimoja huvimwaga vyote mkekani
na kuvikusanya upya, akinung'unika.

Cha kwanza kilivunjika mgongo.
Nilikunja, kadibodi ikapasuka, ikaota ndevu.
Cha pili, upepo wa Julai ulipita mlangoni bila hodi
ukainywa gundi kabla sijabonyeza.
Cha tatu sikisemi.

Sechelela, binti wa mpangaji wa chumba cha uani,
kidato cha pili, ndoo kichwani, akasimama kunitazama.
"Babu, unakunja kinyume cha uzi."
Uzi? Karatasi ina uzi?
Akatua ndoo, akachukua gazeti, akalichana kwa juu:
likachanika limenyooka kama reli ya kati.
Akalichana kwa ubavu: likaenda ovyo,
kama njia ya Hombolo baada ya mvua.
"Miaka yote hiyo na karatasi,
hukuwahi kuiuliza inataka kuelekea wapi?"

Sikuwahi. Niliiuliza imetoka kwa nani,
na nakala iende kwa nani.

Akanifundisha akiwa amesimama, maji yakimngoja:
peni iliyokwisha wino, rula, mkono mwepesi,
chora mstari usioonekana, kisha kunja hapo hapo.
Gundi ya unga wa ngano uipike na maji ya mwarobaini,
mende wataonja na kughairi.
Paka nyembamba. Nyembamba zaidi. Babu, hii si siagi.
Na huo mlango, tundika kanga mbichi.

Nikatundika. Nikapaka. Nikalaza kuta nne
chini ya jiwe la kusagia la marehemu mama,
lililokuja kwa treni kutoka Mpwapwa
na halijaonja mtama tangu mashine ya Mzee Ndahani ianze kunguruma.
Asubuhi zilikuwa bapa, kimya, kama wanafunzi mbele ya mkaguzi.

Ila kifuniko kilikataa.
Nilikata kingine, kikakataa. Nikakata cha tatu.
Sechelela alikuwa kwenye mitihani, wa kumuuliza hakuna.
Usiku umeme ulikatika, nikakaa na mshumaa
nikitazama sufuria na mfuniko wake
kama mtu asiyewahi kuona sufuria.

Nilikuwa nimepima sawa kwa sawa.
Karani mzima, nimepima sawa kwa sawa!
Na sawa kwa sawa haifuniki kitu.
Kinachofunika sharti kizidi:
unene wa kadibodi, mara mbili,
kisha unywele mmoja juu yake, wa kupitisha pumzi.

Nikafikiria, bila kutaka, ile miaka ya mwanzo ya ndoa,
nilivyopima kila neno lake kwa rula yangu
nikashangaa mlango wa chumbani ukigoma kufunga.
Nikaacha kufikiria. Nikakata.

Kikashuka chenyewe, polepole,
kikitoa hewa pembeni: fyuuu.
Nilikiinua nikakishusha mara saba,
mtu mzima, gizani, peke yangu.

Leo ameweka vifungo ndani, kimoja kimoja.
Kile cha shaba cha shati langu la kazi amekiweka mwisho,
akafunika, akakizungusha kisanduku kwenye mwanga.
"Pembe hii imeinuka," akasema.

Imeinuka kweli.
Nimeshaweka maji jikoni, natafuta unga.