Hamsini kwa Moja

Petroli lita hamsini, oili lita moja.
Kwa dumu la lita tano ni mililita mia:
bomba la sindano mara kumi,
lile lile lililomnywesha Sizya dawa ya homa.
Nahesabu kwa sauti.
Mihayo akinisemesha katikati, naanza upya.

Injini yenyewe naweza kuipakata kama mtoto.
Haina vali, haina birika la oili.
Pistoni ikipanda inafyonza na kubana,
ikishuka inawaka na kutema.
Injini ya lori hufanya kazi mara moja, ikapumzika mara tatu.
Hii haipumziki.
Oili inayoilinda inaichoma papo hapo,
na moshi wake wa buluu haujatoka kwenye kanga zangu.

Asubuhi ile tuligombania deni.
Tumbaku imepimwa, chama cha msingi hakijalipa,
naye kanunua plagi mbili mpya!
Nikajaza dumu, nimenuna.
Akalibeba, kanuna.
Mimi nilidhani amepima yeye.
Yeye alidhani nimepima mimi.

Kindege kikapita juu ya mabani ya Urambo,
mlio wake kundi la nyuki linalohama.
Warina asali wakiusikia husimama, wakakagua matawi.
Mimi nilikuwa naosha vyombo.
Mlio ulikuwa mwembamba, mkavu,
nikageuka kutazama dirishani:
bomba lilikuwa safi kama lilivyolala jana.

Kisha kimya,
kama mtu aliyekatizwa katikati ya jina.

Saa kumi alirudi kwenye baiskeli ya Kasanda,
kakalia gunia la mkaa, mguu mmoja peku.
Alikuwa ametua kwenye mabua ya mahindi.
Gurudumu limepinda, turubai la bawa limechanika kiganja kimoja.
Nilimpa uji. Akanywa wote, akaomba tena.

Kesho yake akafungua silinda.
Pistoni imechubuka upande wa kutolea moshi,
ringi zimenata kama ulimi wa mwenye kiu.
Akanionyesha, asiseme kitu.
Nikamwonyesha bomba.

Sasa pistoni iko dirishani, natunzia viberiti.
Deni lipo.
Kila asubuhi mmoja anapima, mwenzake anahesabu,
na siku za kununiana tunahesabu vilevile,
kwa sauti ya ugomvi,
moja, mbili, tatu,
majirani wakidhani tunatukanana,
hadi kumi.