Funga Kifuniko

Nimenunua vioo viwili Ruwi, vya mkono wa pili,
kimoja riali kumi na nane, kingine kumi na tatu
kwa sababu pembeni kina doa kama chunjua.
Shibu wa dukani akavifunga kwa blanketi la ndege,
akaniuliza, "Laptopu yako ya mwaka gani?"
Nikamwambia, nyembamba.
Akacheka. "Nyembamba si mwaka, dada."

Hapa Mabela, chumba cha nyuma,
kiyoyozi kinakoroma kama mtu aliyeshiba bokoboko.
Nikavipandisha juu ya makopo ya halwa vilingane na macho.
Kushoto ziwe ankara za vigae,
kulia daftari la wadaiwa,
katikati mashine yenyewe na barua za Kiarabu.
Nilipanga hivyo tangu njiani, ndani ya teksi.

Waya wa kwanza: kikawaka.
Waya wa pili: kikaandika *hakuna ishara*
kikalala.
Nikachomoa, nikachomeka,
nikapuliza tundu kama anayepoza uji wa mtoto.
Nikazima. Nikawasha kwa bismillahi.
Kesho yake nikanunua kisanduku cha matundu saba.
Matundu saba, koo moja.
Vyote viwili vikawaka, vikaonyesha kitu kimoja:
ankara ileile, kosa lilelile la tarakimu,
mshale mmoja unatembea mahali pawili.

Bi Thuwaiba alikuwa anapita na buli.
"Mapacha hao?"
"Ni mmoja, bibi. Amejirudia."
"Basi hicho umenunua cha kujitazamia,
si cha kufanyia kazi."

Saa tano usiku nikampigia Shibu.
Alikuwa anakula, nilisikia sahani.
"Mashine hiyo," akasema kwa Kiarabu chake cha sokoni,
"ina macho mawili basi. Moja lake, moja la kuazima.
Ukitaka kuazima mawili, lake ulifumbe.
Kitoe hicho kisanduku, kila kioo na waya wake,
halafu funga kifuniko."

Nikakaa kitambo, kiganja juu ya kifuniko,
kama mtu aliyeambiwa yeye ndiye amfumbe macho marehemu.
Nikafunga.
Giza la nukta mbili, tatu,
halafu kushoto ankara, kulia wadaiwa,
kila kimoja na lake la kusema.

Siku tisa nilifanya kazi hivyo, kwa kibodi ya kuazima.
Riali mia tatu na arubaini zilizopotea tangu Rajabu
nilizikuta kati ya vioo viwili,
namba moja imeandikwa kwa Kiarabu kinyumenyume.
Bibi akaifunika laptopu kwa kitambaa cha kufuma
kama alivyozoea kufunika redio.
Nikakitoa: inapata moto, bibi, inapumua kwa mgongo.
Akakirudisha. Nikakitoa.

Ijumaa baada ya swala Raya hupiga kutoka Wete.
Kwenye simu bibi haoni, anataka uso wa kutosha,
na kamera imo ndani ya kifuniko.
Nikainua.
Kile kioo chenye doa kikazimika palepale, hata kuaga hakikuaga,
wadaiwa wote wakahamia kwa jirani,
wakarundikana juu ya vigae.
Raya akatokea katikati, unga mpaka kwenye viwiko,
anazungumza kabla ya sauti yake kufika.

Bibi akamtazama, akamtazama tena,
kisha akakigeukia kile cheusi pembeni.
"Na huyo?"
"Huyo anangoja. Tukimaliza kuzungumza,
nikifunga, atarudi."
Hakuniuliza zaidi. Akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza,
akamwambia Raya ainue simu juu,
aone paa la jikoni kama wameshaliezeka.
Raya akainua.
Bado.