Mkono wa Kushoto wa Mfalme

Hapa Aldersby mbwa akiiba nyama
huitwa kwa jina la mfalme yule.
Mimi silitaji. Karne sita limetafunwa,
yamebaki makapi.

Nimepanda jukwaa la mbao, ukuta wa kaskazini,
kanisa baridi kama tumbo la samaki,
pamba kwenye kijiti, kijiti mdomoni.
Ndiyo, mate. Dawa za chupani hula rangi;
mate ya mtu ni mapole, yanajua kusubiri.
Bwana Harbottle, mshika funguo, ananichekea kutoka chini:
"Thirza, unamtemea au unamwogesha?"

Simjibu. Kwa mate alichafuliwa,
kwa mate anatakata,
ukuta upana wa kiganja kwa siku.

Mnamjua mnavyomjua: mkono wa kushoto umenyauka
kama tawi la mtofaa lililochomwa na barafu;
eti alimzaba askofu kofi mbele ya madhabahu
na Mungu akamlipa papo hapo.
Shuleni nilimchora hivyohivyo, kwa mkaa,
nikapata kumi juu ya kumi.

Jumanne rangi ya kahawia ikaanza kuachia.
Chini ya mkono uliokauka
kuna mkono.
Mzima. Vidole vitano, kucha fupi,
na doa la wino kwenye kidole cha shahada.
Aliyeupaka ukavu alikuja miaka sabini baadaye:
udongo wa rangi yake ni wa kwingine,
na mfuko uliomlipa, nadhani, ni wa kwingine,
maana pembeni ameacha ua dogo,
nembo ya ukoo uliorithi kiti.

Nikapiga ukelele. Harbottle akakwea ngazi akihema,
akavaa miwani, akatazama weee.
"Lisemwalo lipo," akanung'unika.
Lipo, nikamwambia. Lilikuwa juu.
Hili lilikuwa chini.

Laiti ningeishia hapo.
Nilitaka awe mwema, nakiri.
Ukimpangusa mtu uso siku arobaini
unaanza kumwonea huruma, hata akiwa chokaa.
Alhamisi nikasogea kulia, penye kile
tulichodhani ni mwaloni.
Ni mti, lakini wa kunyongea.
Wanaume watatu. Mmoja ana kiatu kimoja.
Nilikwangua, nikapima, nikaomba iwe rangi ya baadaye.
Ni ya kwanza. Ni ya siku zake mwenyewe,
na kile kidole chenye wino
kinawaelekea.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Haya, mfalme, yako ndiyo hii: mkono haukunyauka.
Habari za askofu sijui.
Nitaandika hivyo kwenye ripoti, na kijiji kitakasirika,
na watakaokuja kwa basi kumtetea watakasirika pia.

Lakini hawa watatu, walionyongwa kwelikweli,
hakuna aliyewasingizia,
hakuna aliyewataja.
Chini ya ule unyayo mtupu kuna masizi mazito,
na ndani ya masizi, kama macho hayanidanganyi,
mkia wa herufi.

Nalowesha pamba nyingine.