Karani wa Mizani

Kila lori linaloingia lango la Miritini
nalipima mara mbili: likija, likiondoka.
Tofauti ndiyo chuma.
Miaka kumi na tisa naandika tofauti.

Nimepima mataruma ya reli ya kale,
matrekta ya mashamba ya mkonge,
nanga iliyoota chaza,
vitanda vya hospitali.
Siku moja, kengele ya shule:
niliigonga kwa kalamu kabla haijatupwa tanurini.
Ikaitika.

Kiwanda kilipouzwa hatukusikia kishindo.
Tanuri lilinguruma vilevile, masizi yaleyale
yakatua kwenye nguo za Jomvu kambani.
Walibadilisha kibao, sare na kufuli.
Na mshahara, nisiwe mnafiki,
ukawa unaingia tarehe ishirini na nane, bila kukosa.
Zamani, kikiwa chetu, kilitukopa miezi mitano
tukala muhogo na ahadi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nami nilipona. Sina la kumlaumu.
Nasema tu nilichopima.

Jumanne, saa nne asubuhi,
akaja Luteni Tsuma wa jeshi la wanamaji,
viatu vyeupe vimeshika kutu ya uani kwetu.
Boti ya doria imepasuka ubavu, iko nchi kavu.
Anataka mabamba kumi na mawili,
unene milimita nane.

Mabamba yalikuwapo.
Bohari la pili, hatua sitini kutoka kiti changu,
chuma cha mataruma yetu, cha nanga yetu,
pengine na sauti ya ile kengele imo humo.

Meneja Dzombo akafungua kompyuta.
Akaifunga.
Akaifungua tena.
"Idhini hutoka makao makuu," akasema,
"na huko sasa ni saa tisa usiku.
Wamelala."

Luteni akakaa kwenye benchi la madereva.
Nikampa chai yangu.
Tukangoja watu wasiotujua waamke,
wapige mswaki, wagombane na watoto wao
juu ya soksi iliyopotea,
wafike kazini, wasome.
Saa zote hizo bahari yetu ilikuwa wazi
kama mlango uliong'oka komeo,
na aliyelala na misumari
alikuwa ng'ambo, akikoroma.

Saa kumi jioni jibu likafika.
Maneno mawili:
*Eleza matumizi.*

Luteni aliyasoma amesimama.
Boti gani, inakwenda wapi, inamvizia nani:
hayo hata mkewe hajaambiwa.
Akavaa kofia. Akanishukuru kwa chai.

Lori lake nililipima, kama inavyotakiwa.
Likija: kilo elfu nne na mia mbili.
Likiondoka: kilo elfu nne na mia mbili.

Kalamu ilikuwa ileile niliyogongea kengele.
Nikaandika sifuri,
nikapiga muhuri,
nikainua kizuizi apite.