Nirudishie Kuukuu Yangu

Mara ya kwanza aliniambia, "Kanywe chai, kaka."
Nikaenda. Nilikuwa mgeni wa pikipiki,
mkopo wake haujafika hata robo.
Niliporudi injini ilishafungwa, imefutwa, inang'aa
kama bibi harusi,
na fundi ananawa mikono kwa petroli, akipiga mluzi.
Elfu arobaini.
Nikalipa, nikaongeza na ahsante.

Wiki mbili hazikuisha.
Kwenye mlima wa kwenda Kuluva
bomba likaanza kutema moshi wa buluu,
na abiria wangu, mwalimu Onzia, trei ya mayai mapajani,
akashuka, akanitazama kama anayesahihisha daftari:
"Wewe ulikunywa chai.
Wao walikula pistoni."

Pistoni yangu! Ile iliyotoka nayo kiwandani!
Sasa iko kwenye pikipiki ya mtu, labda Koboko, labda Congo,
inapanda inashuka, inapanda inashuka,
inamlisha asiyenijua.

Tangu siku ile siangalii bango.
Bango la aliyeniibia lilikuwa zuri kuliko yote Arua:
tai mwekundu, spana mdomoni.
Naangalia chini.
Nati zikizagaa mchangani kama mahindi ya kuku,
napita.
Kila nati iliyoanguka pale
ina pikipiki mahali fulani inayotetemeka
na mtu aliyepakia mtoto.

Naangalia pia nani kaegesha.
Vijana wa stendi ya hospitali, wale wa usiku,
wanaobeba wenye uchungu wa kuzaa,
hao hawachezi na breki.
Niliwafuata.
Wakanifikisha nyuma ya soko, kwenye kibanda cha bati
kisicho na jina, kwa mwanamke aitwaye Ayikoru.

Si malaika, nisikudanganye.
Hufungua saa nne, hununa, hakopeshi hata shilingi mia.
Mwanawe hufanyia hesabu juu ya tairi,
na akikosea, mama humsahihisha bila kuinua kichwa
kutoka kwenye kabureta.
Lakini hashiki spana kabla ya kusikiliza.
Aliiwasha, akaizima. Akaiwasha tena.
Akaweka kiganja juu ya silinda
kama anayepima homa.
"Umeambiwa nini huko ulikotoka?"
Nikamwambia: kichwa cha injini kimekufa, laki moja na nusu.
Akacheka puani.
"Kaa hapa. Shika tochi."

Nikashika. Mkono ulitetemeka, akanikaripia.
Kila bolti aliitia kwenye kopo la siagi,
moja moja, ting, ting,
kama mtu anayehesabu sadaka ya wenyewe.
Kichwa kilikuwa kizima. Ringi ndizo zilizokwisha.
Alinituma dukani mwenyewe nikanunue,
nirudi na risiti,
na zile za zamani akazifunga kwenye gazeti, akanipa.
"Za nini hizi?"
"Zako. Hata zikifa ni zako."

Kisha mwezi wa tano taa ya mbele ikaanza kupepesa.
Nilimpelekea. Akafungua, akafuata waya kwa kidole,
akanyamaza kitambo,
akafunga.
"Sijui."
Nilidhani sikusikia vizuri.
"Umeme si wangu. Nenda Mvara, kwa Alioni,
mwambie nimekutuma, asikupandishie."
Miaka sita ya gereji, na neno lile
sikuwahi kuuziwa popote.
Yeye alinipa bure.

Nyumbani, dirishani, vifurushi vya gazeti vimepangana:
ringi, viatu vya breki, kebo iliyochanika.
Mke wangu anaviita makaburi yangu.
Anafuta vumbi, anavirudisha.

Jana mdogo wangu Drasi kapiga simu.
Kapata pikipiki, mpya, bado ina nailoni kwenye kiti,
na tayari inakohoa.
"Nipo kwa fundi, kaka. Mtu mzuri sana.
Kaniambia nisichoke na jua, nikanywe..."

Drasi, nikasema.
Drasi, usinyanyuke hapo.