Umbali wa Taa

Oulu, saa tisa alasiri, nje giza limeshatanda.
Tuulikki anamtazama mtoto wa kaka yake
akicheza mchezo alioubuni yeye:
daraja bovu, shimo, sarafu ng'ambo.

Mwezi jana aliweka taa kila hatua tatu;
ukianguka, unaamka papo hapo.
Eino aliruka, akaanguka, akaruka,
akapiga miayo.

Akaziondoa zote.
Mtoto akaganda ukingoni, kidole juu ya kitufe,
kisha akaomba maziwa.

Leo imebaki moja, nyuma kule,
mbali kiasi cha kuuma.
Eino anavuta pumzi. Anarudi hatua mbili.
“Shangazi, usiangalie!”

Naye anageukia dirisha, theluji,
akisikiliza kimya kile
alichokipima kwa rula,
na moyo, mjinga, unamdunda.